Mawe ya Kusugulia Miguu

Mama alipomaliza eda ya baba, sisi watoto wake watatu tulikutana sebuleni kwa dada, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kuamua akae wapi. Mwenyewe hakuwepo. Alikuwa kwake, mtaa wa Ansab, anapika chakula tutakachokwenda kukila baada ya kikao.

Hoja ya dada ilikuwa gesi. Mama aliwahi kuacha jiko wazi bila moto mpaka nyumba nzima ikanuka. Dada alisema hilo limetokea mara tatu. Mimi nilihesabu, nikahesabu tena, nikapata mara moja. Lakini kwa gesi mara moja inatosha. Ikaamuliwa: nyumba ya Ansab ipangishwe, mama akae kwetu kwa zamu, aanze kwa dada. Mpangaji alishapatikana, mwalimu mwenye watoto, anangoja mwisho wa mwezi apewe ufunguo.

"Nani atamwambia?" akauliza mdogo wetu.

Wakanigeukia mimi.

"Wewe si ndiye dalali wa familia," dada akasema. "Ukiingia soko la Matrah wenye maduka wanajifanya wako kwenye sala. Mchukue mahali akabadilishe hewa. Moyo ukimkunjuka, mwambie."

Ndivyo nilivyojikuta Santorini, kisiwa cha Wagiriki, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa na mama mmoja, masanduku mawili na maneno yaliyonikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kisiwa alikichagua dada. Alikiona kwenye gazeti la picha huko saluni.

Ni kisiwa kilichobaki baada ya mlima wa moto kulipuka zamani, katikati pakaingia bahari. Nyumba nyeupe zimepangwa juu kabisa, pale pa kuangukia. Mama alisimama kwenye baraza ya hoteli, kajifunga mtandio vizuri kwa upepo, akatazama chini.

"Watu hawa wamejenga kwenye mdomo wa chungu," akasema. "Na moto umeshazimika?"

Nikamwambia haujazimika, umelala tu.

Siku ya kwanza niliazimia kumwambia pwani, kwenye mchanga mweusi. Mchanga ule unaunguza hata kupitia soksi. Kijana wa pale alitaka tulipie viti viwili vya chini ya mwavuli. Nikamwambia kimoja kinatosha, mimi nitasimama. Tukavutana. Mama akanishika mkono.

"Kaa, mwanangu, unanitia haya. Mtu mzima unapatania kivuli!"

Nikakaa. Nikafungua mdomo. Na yeye hapo hapo akainuka, akaenda kwenye ukingo wa maji, akarudi na jiwe la kijivu, kubwa kama ngumi, lenye vitundu kama mkate wa mofa.

"Hili si jiwe la kusugulia miguu?"

Lilikuwa lenyewe. Kwetu kila bafu lina jiwe hilo. Pale Matrah wanaliuza karibu na ubani, dogo kama yai, na nimeshagombana sana kwa ajili yake. Huku limetupwa ufukweni, mlima uliyatapika hayo mawe bila kuuliza bei. Mama akalirusha majini. Likaelea.

"Subhana Allah," akasema, akacheka. Tangu baba afariki sikuwa nimemsikia akicheka. Basi ningesemaje tena?

Tangu hapo safari ikawa ya mawe. Tulikwenda pwani ya majabali mekundu, tukaenda na ile ya majabali meupe, na kila alipookota jiwe alilitajia mwenyewe huko Ansab. Hili la jirani wa mbele. Hili la mke wa imamu. Hili kubwa la yule bibi aliyetokea Mwanza, magaga yake yanang'oa nyuzi za zulia. Mimi nilibeba mfuko, nikiitikia, huku nikijua hao wote hivi karibuni hawatakuwa tena majirani zake.

Dereva wa teksi tuliyemkodi alitupeleka pia kwenye kijiji cha juu, vichochoro vyembamba ambavyo mama alisema angalau mtu anaweza kumwomba jirani chumvi kupitia dirishani. Mlangoni pa nyumba moja alikaa mwanamke mzee, mweusi wa nguo tangu kichwani mpaka viatuni.

"Yuko eda?" mama akauliza.

Dereva akaeleza kwa Kiingereza kwamba wajane wa pale huvaa hivyo maisha yao yote. Nikamfasiria.

"Maisha yote? Sisi miezi minne na siku kumi, khalas, mtu anarudi kwenye mambo yake."

Kidalali nikaona mlango umefunguka. Nikamuuliza dereva kama watoto wa yule bibi hawamtunzi, nikitarajia jibu la kunisaidia. Akasema walimhamishia Athens. Baridi ilipoanza alibeba mkoba wake, akapanda meli peke yake, akarudi.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema watoto wake wanamtunza sana."

"Mashallah," mama akasema. Akatoa kichupa chake cha mafuta ya udi, akampaka yule bibi kwenye kiganja. Bibi akanusa, akaingia ndani, akatoka na nyanya zilizoanikwa, kazifunga kwenye karatasi. Hawakuwa na lugha hata moja baina yao, na walielewana kuliko mimi na mama.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta anafunga mizigo. Nikahesabu mawe: kumi na manne. Nikarudia: kumi na matano.

"Haya yote utayagawa wapi, mama?" Na papo hapo nikasema lote, haraka, kama mtu anayetaja bei ya mwisho. Utahamia kwa dada. Nyumba ina mpangaji.

Aliendelea kulivisha jiwe soksi.

"Yule bibi alirudi kwa meli," akasema. "Peke yake. Na baridi ile."

"Mama, kumbe unajua Kiingereza?"

"Nimesoma skuli Unguja kabla wewe hujawa hata fikra. Nyinyi mlipenda kunifasiria, nami nikakuacheni." Akachukua jiwe jingine. "Na daktari wa baba yako nilimsikia. Alisema zimebaki wiki tu. Wewe ukanambia anaendelea vizuri."

Nikakaa kitandani.

"Sikulaumu. Ulitaka nilale. Lakini sikulala, nilikuwa macho peke yangu." Akaashiria dirishani, kwenye nyumba nyeupe. "Watazame wale. Wanaanika nguo juu ya mlima wa moto. Mie nimeacha jiko moja, mmenifanyia kikao."

"Mama, gesi si mzaha."

"Nani kasema mzaha? Mie ndiye niliyekuwemo ndani. Nliogopa kuliko nyinyi nyote." Sauti ilimpanda, akaishusha. "Lakini mie si chungu cha harusi, leo kwa huyu kesho kwa yule. Msafiri hupokelewa kwake. Mawe haya ntayagawa kwangu. Siku ya kwenda kwa dada yako ntaisema mie."

"Tuseme baada ya mwezi?"

"Sikutaja bei, mwanangu."

Uwanja wa ndege nilijiandaa kubishana na wenye mizani. Sanduku limejaa mawe, na mshale haukuzidi. Mara ya kwanza maishani nilikuwa na hoja tayari, hapana wa kubishana naye.

Tulipotua uwanja wa Seeb dada alikuwa anatungoja na gari lake, chumba kishapakwa rangi. Mama akapanda gari langu, nililoliacha pale siku ya kuondoka. Njia ya Ansab inatangulia kabla ya ile ya kwa dada. Nilipokata kona, dada nyuma akaanza kuniwashia taa, kisha akapiga simu.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema wageni kesho alasiri. Na wewe umealikwa."

Kesho yake wanawake walijaa, kahawa, halua, kila mmoja akaondoka na jiwe lake. Dada alikuja mwisho, akakaa karibu na mlango. Mama akampa jiwe la kumi na tano. Aliligeuzageuza, macho mekundu, kisha akanifuata ukumbini.

"Ikitokea tena ni juu yako," akanambia. Na yule mwalimu anayengoja ufunguo bado nilikuwa sijampigia.

Nikaingia jikoni. Nikaikagua gesi. Imefungwa. Nikarudi nikaikagua tena.

"Imefungwa!" mama akapaza sauti kutoka sebuleni. "Nimeshatazama mara mbili."

Nikaitazama mara ya tatu.