Mama Sauti na meli aliyokataa kuizamisha

Saa tano asubuhi, kichwa cha Mama Sauti kimo ndani ya kabati la nguo, na mdomo wake unagombana na jirani.

"Fundi! Fundi weee! Niachie nusu saa tu, nakuomba! Hilo dirisha halikimbii!"

Upande wa pili wa ukuta, fundi wa madirisha ya chuma anazima mashine yake, anajibu maneno yasiyoandikika gazetini, kisha panakuwa kimya. Mama Sauti anashusha pumzi. Ndani ya kabati, katikati ya magauni na makoti, amening'iniza kipaza sauti alichokivisha soksi. Kompyuta iko juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jokofu limezimwa kwa sababu linanguruma, na godoro limeegemezwa dirishani kuzuia kelele za barabarani. Joto la humu si la kuhadithiwa.

Pembeni, kwenye kitanda kilichobaki mbao tupu, ameketi mama mkwe wake, mgongo wima. Amekatazwa kukohoa.

"Hii ndiyo studio," Mama Sauti anamwambia mgeni wake, mwandishi wa makala haya. "Ukicheka, utoke."

Kazi yake ni kuzitia filamu za kigeni Kiswahili. Anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na papo hapo anawasemea wote: majambazi, mabibi harusi, hata farasi ikibidi. Hakati wala haungi vipande. Akijikwaa, anaanza upya tangu mwanzo. Kwa hiyo huitazama filamu kwanza, kimya kimya, ndipo airekodi kwa mkupuo mmoja. Kazi zake zinauzwa kwenye kibanda cha filamu kilicho kona ya mtaa, na zinachezwa kutwa kwa kinyozi wa jirani. Kipato? "Kinanilisha, hakinineneshi," anasema, na mada hiyo anaifunga.

Kazi ni kazi, lakini mapenzi yake yako kwenye katuni moja ya Kijapani iliyotokana na mchezo wa simu wa vita vya majini. Humo, manowari za zamani zimezaliwa upya zikiwa wasichana. Wanateleza juu ya maji, mizinga mgongoni, wanapigana na mazimwi ya chuma yanayoibuka kutoka vilindini. Jioni wanarudi bwenini kugombania bafu. Yeye ameibatiza Mabinti wa Manowari.

Ukitaka kumuudhi, mwambie katuni ni za watoto.

"Wanaume wenye ndevu wanalia kwa sababu ya mpira, hakuna anayewauliza. Mimi nikililia meli, oh, mtu mzima hovyo!"

Si kwamba haoni kasoro. Ukimpa nafasi, atazitaja mpaka chai ipoe. "Waliotengeneza hawajui wanachotaka. Leo ni vita, watu roho mkononi. Kesho, sehemu nzima ni mashindano ya kupika! Na huyo kamanda wao, hata uso hatumwoni, ni kivuli tu. Mtu anawatuma mabinti wa watu vitani akiwa kivuli! Nikimkamata nitamvuta sikio." Wateja wa kinyozi nao hawamwachi apumue, maana wanaucheza mchezo wenyewe simuni, na kila akitoa sehemu mpya wanamfuata kulalamika kwamba kwenye mchezo mambo hayako hivyo.

Sasa anaipendea nini?

"Kila binti pale anabeba jina la meli iliyozama zamani. Anajua alivyokufa. Na bado anaamka, anapiga mswaki, anakwenda kazini. Mimi siku nyingine hata kuamka tu siwezi."

Na kuna jambo jingine, ambalo analisema akiwa amemtuma mama mkwe jikoni. Katuni hii ndiyo iliyowafanya wawili hao waongee.

Mama mkwe alihamia hapa macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Sasa haoni zaidi ya mwanga wa mlango. Mume wa Mama Sauti, fundi majokofu, hutoka asubuhi na kurudi usiku, na wanawake wawili hubaki na nyumba. "Tulikuwa tunasalimiana kama watu wa foleni ya benki. Umeamkaje, mama. Salama, mkwe. Basi, mpaka kesho."

Siku moja, katikati ya kurekodi, kikongwe akapapasa njia mpaka mlangoni na kuuliza, "Huyo mdogo anayechekacheka ni nani?"

Alikuwa Kitinda, manowari ndogo kuliko zote, jina alilopewa na Mama Sauti kwa kuwa ndiye kitindamimba wa kikosi. Tangu hapo, mama mkwe hakukosa hata sehemu moja. Baada ya kurekodi, wakawa wanakaa jikoni kuwasengenya mabinti kana kwamba ni majirani.

Ndipo ikaja sehemu ya tatu, na kosa la mwaka.

Umeme ulikuwa umekatika kutwa nzima. Uliporudi, Mama Sauti akaona heri arekodi haraka kabla haujaondoka tena. Hakuitazama kwanza. Akaingia kichwa kichwa.

"Niko katikati, nimenoga, mara kombora hilo! Kitinda wangu kapigwa. Anazama. Maandishi yanasema anawaaga wenzake. Nyuma yangu namsikia mama anajipiga kifua. Kusimama siwezi. Mdomo ukakataa. Nikasikia nasema: 'Msiwe na wasiwasi, nakwenda gereji, nitarudi!'"

Anajipiga paji la uso. "Gereji! Meli!"

Jioni ile nakala zilikuwa zimeshatoka kibandani. Sasa jaribu kuudhibiti uongo huo. Ndani ya katuni, rafiki wa Kitinda anakataa kuamini, na kila mlo anamwekea sahani, anaitazama, analia. Mama Sauti ilibidi amtafutie sababu ya machozi. Sehemu ya tano alilia kwa vitunguu. Ya saba, jino. Ya tisa, moshi wa jiko. Kwa kinyozi watu wakaanza kuuliza kama huyo binti ana mkosi.

Na kila jioni, kutoka jikoni: "Mkwe, Kitinda kesharudi?"

"Bado, mama. Vipuri vimechelewa."

Mumewe alimshauri aseme ukweli, kwani ni katuni tu. Akamwambia aendelee na majokofu yake. "Yeye haelewi. Mtu haoni, kaniamini niwe macho yake, halafu mimi namlisha uongo. Akijua, tutarudi foleni ya benki. Na atakuwa na haki yake."

Leo ni sehemu ya mwisho, na safari hii ameitazama kwanza. Rafiki anaichukua ile sahani, anaiosha, anairudisha kabatini, kisha anawaambia wenzake kwamba Kitinda hayupo tena. Hapo vitunguu havisaidii.

Anabonyeza. Anaanza vizuri, mizinga inalia, Bibi Mizinga, meli kubwa kuliko zote, ananguruma amri kwa sauti nene inayotoka tumboni mwa mwanamke mwembamba. Kisha vita vinaisha, bwalo linakuwa kimya, na rafiki anainyanyua sahani.

Mama Sauti anafungua mdomo. Hakitoki kitu. Msichana wa Kijapani analia peke yake kabatini.

"Sema tu, mwanangu," mama mkwe anasema kutoka kitandani. "Alizama. Siku ile niliyasikia maji yakimfunika. Kilichoharibika ni macho, masikio yapo."

Mama Sauti anachomoa kichwa kabatini. Jasho na machozi vimechanganyika, na amekasirika kwelikweli.

"Mama! Sasa muda wote huo unaniuliza anarudi lini, ili iweje? Mimi sili, silali, natafuta vipuri vya meli isiyokuwepo!"

"Ningekuuliza nini kingine?" kikongwe anajibu. "Tulikuwa na neno gani lingine, mimi na wewe?"

Kompyuta inaendelea kurekodi.

Alilazimika kuanza upya tangu mwanzo, na safari ya pili alimzika Kitinda kwa maneno yake yote. Sehemu ya tatu nayo ataisahihisha wiki hii. Mwenye kibanda amekuja juu, anadai wateja watamvunjia kioo, lakini Mama Sauti amemwambia kioo kina fundi wake. Msimu wa pili ukitoka, ana mpango wa kumgawia mama mkwe sauti ya Bibi Mizinga. Atakuwa anamnong'oneza maneno, na mzee atayangurumisha. "Lakini hafuati maelekezo hata kidogo," analalamika. "Mchana huu nimemfundisha amri moja tu, akaongeza matusi."

Jioni anasonga ugali mbele ya jiko, ameinama, kama mtu asiyejua mazungumzo yaanzie wapi. Hana vipuri vya kusingizia tena. Mama mkwe anavuta kiti, anaketi, ananyoosha kanga yake magotini.

"Haya, mkwe," anasema. "Na yule mwenye sahani, sasa atakula na nani?"