Barua Isiyo na Salamu

Mwaka wa sitini na nne Uhuru ulikuwa umekwisha kufika Gazi. Bendera tulipewa, hotuba tulipewa mpaka masikio yakavuma. Daktari wa macho ndiye aliyekuwa bado njiani. Badala yake lilikuja gari la Chama cha Nuru, watu wa sadaka waliopiga hema Msambweni mara mbili kwa mwaka wakiwatoa watu mtoto wa jicho. Bibi yangu Mwanatumu alitibiwa na hao. Alirudi nyumbani anaona mpaka uongo wa majirani.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya dada yake mkubwa, Bimkubwa, aliyekuwa akiujua mchana kwa joto lake tu. Lakini Jemima, muuguzi wa chama, akatoa habari: dawa na vitambaa vimekwisha, na bila michango kabla ya Rajabu, hema halitarudi.

"Waandikieni jamaa zenu," akasema.

Bibi hakujua kuandika. Akamwendea Maweu, Mkamba aliyekuwa karani kule Ramisi, mtu aliyesema kana kwamba anakatwa mshahara kwa kila neno.

"Andika, mwanangu. Kwa kaka yangu Mbwana, Mombasa. Nisalimie mkeo Biasha. Nisalimie mamake Biasha, mguu wake u hali gani? Nisalimie Zahoro, mwambie nimesikia ameoa tena, simlaumu, namhurumia tu."

"Mama, karatasi inaisha."

"Umruke Zahoro uone! Atanuna mpaka kiyama."

Karatasi ikaishia kwenye salamu za jirani wa Mbwana. Ombi halikupata pa kukaa. Baada ya wiki mbili majibu yakaja: salamu kurasa nne, na kopo la halua. Bimkubwa aliila kwa kupapasa.

"Mara hii natunga mimi," Maweu akasema. "Salamu utawapa wakija."

"Barua bila salamu? Hata mdai hubisha hodi!"

Lakini Rajabu ilikuwa mlangoni. Bibi akakubali. Maweu akaandika mstari mmoja: mchango waombwa upesi, Chama cha Nuru, kwa macho ya Bimkubwa.

Maskini Maweu, angejuaje? Kwetu barua isiyo na salamu ilikuwa ya aina moja tu: ya msiba, jina la marehemu likiwa chini. Mbwana alifungua bahasha, akatafuta salamu hakuziona, na hapo hapo Biasha akaangua kilio. Hakuna aliyesoma zaidi. Jina la Bibi lilikuwa chini, na hilo liliwatosha.

Kesho yake lori la nazi likashusha Gazi watu kumi na tisa wanalia. Bibi alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Nani kafa?" akauliza, naye keshaanza kulia.

Biasha alianguka chini. Mbwana, bafta ya sanda ikiwa kwapani, akamwambia, "Wewe!"

"Mimi? Na nazi hii anakuna nani?"

"Mbona barua haina salamu?"

"Na wewe, barua siku nne njiani, maiti gani angekungoja umletee sanda?"

Ilipokwisha kueleweka, Zahoro alikuwa wa kwanza kurudisha mfukoni ubani wake, zile fedha za kufariji wafiwa. Bibi akamdaka kiwiko.

"Nikiwa maiti wanipa, nikiwa hai waninyima? Toa, baba, toa."

Zahoro akatoa, wote wakatoa. Sanda nayo Mbwana alikataa katakata kurudi nayo nyumbani, akihofia mkosi. Jemima akaipokea kwa mikono miwili, akaikata vitambaa vya kufungia macho.

Hema likarudi. Bimkubwa akatibiwa, akafungwa jicho kwa sanda ya mdogo wake. Siku ya kufunguliwa tulijazana mle hemani tukikanyagana. Alipepesa macho, akamtazama Bibi.

"Mwanatumu," akasema, "kumbe umezeeka hivi? Basi Mbwana hakukosea sana."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini, Bimkubwa akacheka kumwona akicheka, na Maweu, pale mlangoni, akasahau ubahili wake akacheka bure.

Wote wamekwisha kwenda sasa. Nami hadi leo siwezi kuandika barua, hata ya kugombana na benki, bila kuuliza kwanza mguu wa mama yao u hali gani.