Mtani Aliyekula Picha Mbichi

Inoke Batirua ana ngozi kama samaki aliyesahaulika juani. Ndivyo yaqona, kinywaji cha mizizi cha visiwa vyetu, inavyomfanya mtu anayeinywa tangu asubuhi: ngozi inakauka, inapasuka, inadondoka magamba. Kwa miaka kumi na minne nimepangusa magamba hayo kwenye vitufe vya kompyuta pale studio kwake Nausori, kitambaa cha spiriti mkononi, pumzi nimeibana. Sokoni watu humwamkia kwa heshima. Wanasema hakuna harusi wala msiba upande huu wa mto ambao hakuupiga picha. Mimi najua misiba mingapi aliipiga yeye, na mingapi ilipigwa na mtu mwingine huku yeye amelala chini ya meza, mdomo wazi, mate yanamchuruzika.

Alizaliwa kisiwa cha Kadavu, mtoto wa mhubiri. Alikuja huku kijana mwembamba, akajifunza kamera kwa Mhindi mmoja mwenye duka la picha, na mwanzoni, sitasema uongo, alikuwa na jicho. Alijua kusubiri mpaka bibi harusi asahau kwamba anatazamwa. Kisha sifa zikamharibu. Akaanza kusafisha lenzi kwa mate. Akawa anakula muhogo na samaki wa kopo juu ya kompyuta, mafuta yakimtiririka hadi kwenye kiwiko, kisha anakushika bega kwa mkono huohuo.

Mimi niliingia pale kufagia. Shule niliachia darasa la tatu. Kijiji chao na chetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo siku ya kwanza tu Inoke alininyang'anya mkeka niliokuja nao, akaukalia.

"Mtani huchukua," akasema.

Nikacheka. Mtani akichukua chako, ukikasirika aibu ni yako.

Kamera zake zilitoa picha mbichi, yaani picha kama kamera ilivyoona, kabla haijapikwa rangi na mwanga. Ubaya wa picha mbichi ni kwamba kila kiwanda huifunga kwa kufuli lake. Fundi wa kompyuta alituonya: mashine hii ya zamani ina ukungu hadi ndani, na ikifa, hakuna nyingine hapa itakayofungua picha za kamera zenu. Zigeuzeni ziwe faili ya wazi, isiyo ya kiwanda chochote, ambayo programu yoyote itaifungua hata wajukuu wakizeeka. Inoke alipiga miayo. Nikajifunza mimi. Misimu miwili ya mvua nilikaa mbele ya mashine ile, nikigeuza msiba baada ya msiba, nikiweka nakala kwenye diski mbili: moja ya kazini, nyingine ndani ya ndoo ya mchele mkavu, kwa sababu ya unyevu wetu huu. Wiki moja baada ya faili ya mwisho, mashine ikafa.

Programu iliuliza jina la mpiga picha. Kwenye picha zake niliandika lake. Kwenye zangu niliandika langu.

Maana nilikuwa na zangu. Kaka yangu Kitione, askari wa kulinda amani, aliniletea kamera kutoka Sinai. Kwa kuwa Inoke huchanganya vitu vya watu, niliitazama namba iliyo chini ya kamera, nikaidarizi kwenye mfuko wake, tarakimu kwa tarakimu, kwa uzi mwekundu. Kwa kamera ile nilipiga misiba aliyolala, na nilipiga kijiji chetu kabla mto haujayala makaburi. Nilimpiga mama yangu akifinyanga chungu chake cha mwisho, mikono yake imejaa udongo hadi vifundoni. Picha nyingine ya mama yangu sina.

Mama alifariki. Nikaenda nyumbani, nikamaliza matanga ya siku mia. Niliporudi, barua ilikuwa mezani, ina doa la samaki. Nyumba ya kumbukumbu ya Suva, mji mkuu, ilitaka kuzihifadhi picha zetu daima. Bibi Asenaca wa huko angekuja Ijumaa, na picha ikishaingia ghalani kwao, jina lililomo halibadilishwi tena. Nikafungua faili ya mikono ya mama. Mpiga picha: Inoke Batirua. Nikafungua nyingine. Inoke Batirua. Diski ya ndani ya mchele, vilevile.

"Jina langu liko wapi?" nikamuuliza.

"Lipo kanisani, kwenye daftari la ubatizo."

"Inoke, hizi ni picha zangu."

"Zilikuwa. Mtani huchukua. Tangu lini unanuna, wewe mwanamke wa matope?"

"Na zile mbichi zangu?"

"Za kwako nimetupa, zinajaza nafasi. Za kwangu ninazo mfukoni, kwenye kadi za kamera, ukumbusho." Akatabasamu. Kipande cha samaki kilikuwa kimekaa kwenye jino, na ulimi wake ukakifuata taratibu.

Ijumaa alimkaribisha Bibi Asenaca kwa bakuli kubwa la yaqona na wanaume saba wamekaa duara mkekani, wamekuja kumwona Inoke akiingia kwenye historia. Mimi nilikaa karibu na mlango na mfuko wangu. Bibi Asenaca akafungua kompyuta yake, akachomeka diski yetu, na picha ya kwanza ikawa ile. Mikono ya mama.

"Hii ni nzuri sana, mzee," akasema. "Uliipataje?"

"Nilikaa na bibi yule siku nzima," Inoke akajibu. "Alinipenda kama mwanawe."

Mama yangu hakuwahi kumruhusu avuke kizingiti. Alisema mtu yule ananuka hadi jina.

"Dada," nikamwambia Bibi Asenaca, "humo ndani ya faili mna jina peke yake?"

"Jina huandikwa na mtu, mama. Kuna na yale ambayo kamera huandika yenyewe: saa, lenzi, namba ya kamera."

"Yanabaki hata picha ikigeuzwa?"

"Yanabaki. Ndiyo maana tunataka faili hizi."

"Basi nisomee hiyo namba. Polepole."

Alisoma. Nami niliifuata kwa kidole juu ya uzi mwekundu, tarakimu kwa tarakimu, mpaka mwisho. Kisha nikautoa mfuko mbele yake, kamera ikiwa ndani. Akaigeuza, akaitazama chini yake, akamtazama Inoke.

Mzee mmoja akaangua kicheko. "Kadavu kanaswa! Kanaswa na sindano!"

Wote wakacheka, na Inoke akacheka kuliko wote. Akachota yaqona, akanyoosha kikombe kwangu. "Haya, mtani, umenipata. Kunywa, yaishe."

Gamba la ngozi yake lilikuwa linaelea juu ya kikombe.

Nilikiweka chini. Nilimngoja Bibi Asenaca azitenge picha zote za kamera yangu, aandike jina langu, Vilimaina Naulu, azihamishie kwenye diski yake. Alikuwa hajagusa za Inoke bado. Hapo nikainuka, nikazitia zile diski zetu mbili mfukoni mwangu.

"We, hizo zina picha zangu!"

"Zilikuwa," nikasema. "Mtani huchukua."

Wanaume wakapigapiga mkeka kwa kicheko, na safari hii yeye hakucheka. Lakini mbele yao hakuweza kukasirika. Bibi Asenaca alifunga daftari lake, akasema atarudi tutakapopatana.

Hajarudi bado. Kila Jumamosi Inoke husimama langoni kwangu na kifurushi cha yaqona ya kuombea msamaha, na zile picha zake mbichi mfukoni ambazo hakuna mashine mjini inayozifungua. Zile za kwenye diski sijafuta hata moja. Sijaandika jina langu juu ya hata moja. Zipo ndani ya mchele, kavu, salama kuliko alivyowahi kuzitunza yeye. Nimemwambia ninachotaka ni neno moja, alitamke mbele ya wanaume walewale: niliiba.

"Mtani," husema, akijikuna mkono, magamba yakianguka kwenye ngazi yangu, "cheka basi. Nilichukua tu."

Nami hurudi ndani kuleta ufagio.