Siku Bibi Alipoziosha Nyimbo za Jirani

Mdogo wangu akinipigia simu saa za kazi, najua kuna msiba au gari limemfia njiani. Yuko Columbus, anasoma, amepanga nyumba na wenzake karibu na chuo kikuu, na siku mbili kwa wiki anabeba maboksi kwenye maktaba yao. Mimi niko Buffalo, kiwandani, nafunga biskuti, na msimamizi wetu akiona simu mkononi utadhani ameona bunduki. Nikaenda kuipokelea chooni. Kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakisikia lakini kukijibu hataki, akasema: "Dada, kuna boksi hapa limetoka Louisville, la yule mzee jirani yetu, kumbe amekufa. Ndani kuna kikopo cha nta kimeandikwa Bibi."

"Bibi yupi? Dunia nzima ina mabibi."

"Si ndivyo vile vikopo Bibi alivyoviharibu?"

Bibi alivyoviharibu. Ndivyo anavyojua yeye, ndivyo anavyojua Mama, ndivyo wanavyojua wote walioishi pale. Nilikaa juu ya kile choo na aproni yangu na wavu wa nywele kichwani. Rafiki yangu, tumejuana siku nyingi na hili sijawahi kukusimulia. Leo nakusimulia, ila usinihurumie.

Tulifika Louisville kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma nikiwa na miaka tisa. Wakatuweka mtaa wa Newburg, kwenye yale majengo ya matofali ya ghorofa mbili, ndege za mizigo zikipita juu ya paa mpaka sahani zinatetemeka kabatini. Mama alipata kazi ya kutunza wazee, anaondoka alfajiri. Nyumbani tukabaki na Bibi, mama yake Mama, na mdogo wangu akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Bibi hakukaa hata wiki moja bila kulima. Alichimba kijishamba kandokando ya uzio, akapanda lengalenga, mchicha wetu, na maharage, na mchana nyumba yote inanuka maharage yaliyochemka na ndizi na mawese. Mpaka leo nikisikia harufu ya mawese nanyoosha shingo kumtafuta.

Ng'ambo ya uzio kulikuwa na nyumba ndogo ya mbao ya mzungu mmoja mzee, mrefu, amekondeana, suruali yake inashikiliwa na mikanda ya mabegani. Bibi alimpa lengalenga juu ya uzio. Yule mzee akazichemsha bila mafuta, bila chumvi, akala hivyohivyo, kesho yake akaja kushukuru! Bibi alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu hana mtu," akasema, na tangu siku hiyo akawa anaenda kumfagilia na kumpikia, bila kuombwa na bila kuelewana hata neno moja. Ukimwuliza wanaongeaje anakunyooshea viganja vyake: "Mikono yangu mimi inasema Kiingereza."

Ila kwa mambo marefu nilikuwepo mimi. Barua za shule, barua za hospitali, mama wa ofisi ya wakimbizi, fundi wa bomba, wote walipitia mdomoni kwangu. Nilikuwa mkalimani wa nyumba nzima kabla sijaota meno yote, na nilichoka. Nilichoka kweli. Hiyo si sababu, nakuambia tu jinsi ilivyokuwa.

Sisi watoto tulimwita Mzee wa Tarumbeta. Sebuleni kwake, juu ya meza ya dirishani, kulikuwa na mashine ya kuzungusha kwa mkono yenye pembe kubwa la bati. Rafuni pembeni vikopo vya nta ishirini na kitu, rangi ya kahawia, kila kimoja ukubwa wa kikombe cha chai, kiko wazi huku na huku. Alikivisha kimoja kwenye mashine, akazungusha, akashusha sindano. Kwanza unasikia mkwaruzo, kama mafuta yanakaangwa. Halafu kwa mbali, ndani kabisa ya ule mkaango, fidla. Na mguu wa mtu unapiga sakafu.

"Mana yanje!" Bibi akamwita Mungu kwa Kirundi, akashika mdomo. "Hiyo si indingiti?"

Indingiti ni zeze letu la Burundi la uzi mmoja, na babu yetu, ambaye kaburi lake lilibaki kule, alikuwa akilipiga. Nikamtafsiria yule mzee. Akafurahi, uso wote ukawaka, akaanza kusimulia na mimi nikawa namfuatisha kwa Kiswahili. Babu yake alitoka Ayalandi, akaja Buffalo kupakua nafaka melini. Jumapili baada ya misa wapakuzi walikutana kwa mmoja wao aliyekuwa na ile mashine. Hakukuwa na umeme wala maikrofoni. Mpigaji alikaa mdomoni mwa pembe na kupiga kwa nguvu zake zote, sauti ikasukuma sindano, sindano ikachora nta. Kila kikopo kilikuwa kimoja tu duniani, hakina pacha. Kuna nyimbo mle, alisema, walizokuja nazo kutoka vijijini kwao na hakuna aliyeziandika popote. Kila ukikisikiliza kikopo sindano inakula kidogo, kwa hiyo yeye alijiruhusu wimbo mmoja kila Jumapili.

Kikopo kimoja hakikuwa na kitu. Hicho, alisema, ni cha bibi yako. Alitaka Bibi akae mdomoni mwa pembe aimbe. Lo, Bibi! Alijifanya anakataa. Lakini kuanzia siku hiyo nilimsikia jikoni akijizoeza wimbo wa kulimia wa kwao, anaosha vyombo anaimba, anamenya ndizi anaimba, akikosea anarudia mwanzo. Walikubaliana na yule mzee kwa vidole: mzee akishatoka hospitali.

Maana alikuwa anaenda kupasuliwa nyonga, siku nne. Ilikuwa Julai. Alitusimamisha mlangoni kwake mimi na Bibi, akampa Bibi ufunguo, akaniinamia akasema polepole ili nisikose kitu. Bibi yako amlishe paka asubuhi na jioni. Vile vikopo asiviguse kabisa. Ule ukungu mweupe juu yake si wa kufutwa, ukiufuta unaondoka na wimbo. Mwezi ujao wanakuja watu kutoka chuo cha Columbus kuvichukua, wao wana namna yao ya kuvisafisha na kuvisikiliza bila kuvikwaruza. "Mwambie yote," akasema. "Umesikia? Yote."

Nilikuwa nimeshika taulo. Bwawa la kuogelea la pale kwetu lilifunguliwa saa nane, na saa nane ilikuwa imefika, nawasikia wenzangu wanavyopiga kelele majini.

"Anasema umlishe paka," nikamwambia Bibi. "Na anasema asante."

"Maneno yote yale ni paka?"

"Ndiyo, Bibi. Wazungu wanapenda paka."

Nikakimbia. Maji yalikuwa matamu siku ile, nakumbuka, na hilo nalo silisamehe.

Siku ya tatu nilimkuta Bibi jikoni kwa Mzee wa Tarumbeta, kanga imefungwa kiunoni, mdogo wangu mgongoni amelala, beseni limejaa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Alikuwa amefagia, amepiga deki, amefua mapazia. Aliona vitu vya thamani vya mtu mgonjwa vimeota ukungu, akasema hapana, huyu harudi nyumbani akute aibu hii. Alivisugua kimoja kimoja kwa brashi, taratibu, ndani na nje. Aliviacha vikauke juani kwenye taulo, vinang'aa kama viatu vya Jumapili. "Tazama," akaniambia, jasho linamtoka, furaha tupu. Kimoja tu hakukigusa, kile kilichokuwa juu ya mashine, kwa sababu mashine aliiogopa.

Nilitazama. Nikajua. Nikasema, "Vizuri, Bibi."

Mzee alirudishwa na gari la hospitali, anatembelea magongo. Bibi alimfungulia mlango wa kwake mwenyewe na tabasamu la mtu anayetoa zawadi. Yule mzee aliona rafu. Alichukua kikopo, akakitoa kile cha kwenye mashine, akakivisha hiki, akazungusha. Mkaango mtupu. Akachukua cha pili. Cha tatu. Bibi anasubiri kwa hamu kusikia fidla.

Akaniuliza bila kugeuka: "Hukumwambia?"

"Nilimwambia," nikasema kwa Kiingereza. "Amesahau. Ni mzee."

"Anasemaje?" Bibi akauliza.

"Anasema amechoka, anataka kulala."

Kesho yake mzee alimsimamisha Mama kwenye uzio akamweleza mwenyewe, na Mama Kiingereza cha kazini alikuwa nacho. Aliingia ndani amepauka. "Mama, umefanya nini? Mtu alikukataza usiguse!" Halafu akanigeukia mimi. "Wewe. Ulimwambia bibi yako au hukumwambia?"

Bibi alikuwa anachambua maharage. Aliinua macho akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, ningeivumilia hasira. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto anayeungua homa.

"Aliniambia," Bibi akasema. "Mimi ndiye niliyesahau."

Akarudi kwenye maharage yake, na mimi nikamwacha aseme hivyo.

Alipika yale maharage na ndizi na mawese, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda akapiga magoti kwenye ngazi za jirani, sahani mikononi. Mlango ulifunguliwa. Mzee alimwona, akaufunga polepole. Bibi akaiacha sahani pale. Jioni akaenda kuichukua, imejaa sisimizi. Kanisani watu wakaanza kumwuliza kwa kicheko kama kweli aliosha redio ya mzungu. Hakukanyaga tena nyumba ya mtu kufagia. Aliacha kuimba jikoni. Yale maneno yake ya mikono sikuyasikia tena, na mara nyingine nilimkuta ameikalia mikono yake hiyohiyo juu ya kochi, televisheni inaongea peke yake. Alikufa nikiwa na miaka kumi na minne, amezikwa Louisville. Picha tunazo. Sauti yake hatuna hata ya kukohoa.

Basi nikaomba ruhusa kazini nikaendesha hadi Columbus. Mdogo wangu alinipokea nje ya maktaba, akanipeleka chumba cha chini, kwa mama mmoja wa makamo mwenye glavu nyeupe. Boksi lilikuwa na vitu vitatu: kikopo kimoja kizima, kikopo kimoja kitupu, na karatasi. Kizima walishakiingiza kwenye kompyuta, wakatusikilizisha. Mkwaruzo, mguu, fidla. Katikati mtu anapaza sauti ya furaha, mpakuzi wa nafaka wa Jumapili moja ya Buffalo. Naishi mji huohuo. Yale maghala ya nafaka nayapita kila siku nikienda kazini, mengi matupu, njiwa tu. Nyimbo nyingine ishirini na kitu za wale watu ziliishia kwenye bomba la maji machafu la Newburg.

Karatasi ilikuwa ya mkono wa mzee. Mdogo wangu aliisoma kwa sauti. Ilisema vingine viliharibiwa na mwanamke mkimbizi aliyekuwa akimsafishia nyumba, ingawa alionywa waziwazi asiviguse.

"Alikuwa mtu mzima, alisahau tu," mdogo wangu akamwambia yule mama, anamtetea bibi yake aliyembeba mgongoni.

Yule mama akageuza kikopo kitupu. Ndani ya ukingo, kwa kalamu ya risasi, herufi za kutetemeka: BIBI. Akasema mdogo wangu ameshamweleza maana yake. Kitu asichoelewa ni kwa nini mtu aliyekasirika hivyo alitunza kikopo kisicho na kitu mpaka akafa. "Bibi ni nani?" akauliza. "Kilikuwa cha kufanyia nini?"

Nilikuwa naweza kusema sijui. Mdomo ulishazoea.

Nikamwambia. Kwa Kiingereza, polepole, nisikose kitu. Paka, ukungu, watu wa Columbus, yote aliyoniambia yule mzee pale mlangoni, na mawili niliyoyafikisha. Taulo. Beseni. "Nilimwambia." Maharage. Wimbo wa kulimia uliokuwa uingie kwenye kile kikopo. Yule mama akavua glavu. Akasema maneno ya mwenye vitu hawaruhusiwi kuyafuta, ila naweza kuandika karatasi yangu, wataiweka pembeni ya ile. Akanipa kalamu ya risasi.

Mdogo wangu alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo. Nilisubiri Kiingereza chake.

"Dada," akasema kwa Kiswahili, Kiswahili kilekile cha Bibi, hata lafudhi. "Ulimwacha aende kupiga magoti?"

"Ndiyo," nikasema.

Akachukua koti lake akatoka. Hajanipigia tangu siku hiyo, wala mimi simlaumu. Nilibaki na yule mama na kile kikopo kitupu, nikaivuta karatasi nikaandika sentensi ya kwanza: Hakuonywa, mkalimani nilikuwa mimi.