Saini ya Mjumbe

Ng'washi Machibya ni mjumbe wa nyumba kumi pale Kirumba, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yenyewe haina mshahara, lawama tu: mume kampiga mke, aitwe mjumbe, mbuzi kala mchicha wa watu, aitwe mjumbe. Polisi nao wakitaka kupekua nyumba, lazima awepo. Kwanza askari wenyewe wapekuliwe mifuko, wasije wakaingia na kitu chao. Ndipo wapekue, yeye akitazama, halafu asaini kwamba kilichokutwa amekiona kikikutwa. Haya yote Ng'washi aliyajua. Alifundishwa kwenye semina, akanywa na soda yao.

Siku walipokwenda kwa Paulo Otuoma, fundi wa injini za mitumbwi, Ng'washi alikuwa soko la samaki la Mwaloni akinunua sato wa biashara yake. Alipofika mbio mbio, ndoo kichwani, askari walikuwa wameshamaliza. Paulo alikuwa kafungwa pingu, na bastola kuukuu imelazwa juu ya godoro.

"Mjumbe, saini hapa," afande akamwambia.

"Mama, usisaini, hukuwepo!" Paulo akapaza sauti.

Mtaa mzima ulijua kwamba wiki moja kabla, Paulo alisimama mkutanoni akawauliza polisi kwa nini wanakamata watu bila kuwaambia kosa lao. Ng'washi alijua pia. Lakini jua lilikuwa kali, samaki wanaharibika, na afande kakunja uso. Akasaini. Jamani! Kalamu tu hivi, na mtu akaenda mahabusu kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kesi isiyo na dhamana.

Kesi ikapigwa tarehe miaka miwili. Dorcas, mke wa Paulo, aliyeachwa na mimba changa, alijifungua peke yake. Alikuwa akipita mlangoni kwa Ng'washi bila kumwamkia, na alikuwa na haki. Ng'washi alikosa usingizi, akakosa hata hamu ya kula.

Hatimaye akaitwa kutoa ushahidi. Afande alimvuta pembeni barazani.

"Mama, sema yaliyoandikwa. Ukigeuka, jela ni yako."

Aliogopa, asikudanganye mtu. Akapanda kizimbani.

"Saini hii ni yako?" mwendesha mashtaka akamuuliza.

"Ni yangu."

"Na bastola hii ilikutwa mbele yako?"

Akamtazama Paulo, alivyokonda.

"Hapana, mheshimiwa. Nilifika nikaikuta godoroni. Sikumpekua askari hata mmoja, wala sikuona ilikotoka. Nilisaini kwa woga, na kwa kuwahi samaki wangu."

Mwezi uliofuata hakimu akamwachia Paulo huru. Alisema saini ya mtu ambaye hakuona haiwezi kumfunga mtu.

Ng'washi alimsubiri nje. Mtu mzima yule, akapiga magoti mbele za watu.

"Nisamehe, mwanangu."

Paulo akamwinua. Dorcas alikuwa amekuja na mtoto mgongoni, akamshusha ampe baba yake. Paulo akanyoosha mikono. Mtoto akapiga yowe, akajificha kwenye kanga ya mama yake, hataki hata kumwangalia.

Paulo akashusha mikono, akamgeukia Ng'washi.

"Nimekusamehe, mama," akasema. "Sasa mwambie huyu mimi ni nani."