Bibi Ambaye Hakuitikia Mwano

Kazi yangu ni udaktari wa hospitali, lakini kuna asubuhi polisi wananipigia simu kabla sijagusa hata chai, na nikiona tu namba yao najua: kuna maiti kijijini na haiwezi kuletwa. Gari limeharibika, au mvua imekata barabara, au ndugu wamekataa katakata mtu wao aondoke mpaka sababu ya kifo ijulikane palepale, mbele ya macho yao. Basi nachukua mkoba, glavu, aproni ya plastiki na mabuti ya mvua, napanda gari la polisi. Wenzangu wa mjini wakisikia kwamba nimepasua maiti nyuma ya zizi la ng'ombe wanashika vichwa. Washike tu. Wao wana meza na maji ya bomba.

Siku ninayotaka kuisimulia tulitoka Misungwi tukashuka kuelekea ziwani. Njiani afande mpelelezi alinipa habari. Mwanamume wa makamo, mkulima wa mpunga, alikuwa amekutwa asubuhi amelala kifudifudi kwenye tuta la jaruba lake. Damu imemtoka mdomoni na puani, imelowesha shati mpaka kiunoni.

"Na mshukiwa wanaye tayari," akasema. "Mama yake wa kambo. Sungusungu wamemkalisha uani, wanatusubiri sisi tu. Dokta, ukisema marehemu ameuawa, yule bibi hafiki Misungwi."

"Na nikisema hakuuawa?"

"Hapo sasa, Mungu anajua."

Nikamwambia aniache kwanza nipumue. Afande yule akiogopa anaongea kama redio, na mimi nikiogopa nakuwa mkali. Tukafika hivyo hivyo, yeye anaongea, mimi nimenuna.

Kosa la bibi lilikuwa moja. Aliyeiona maiti mwanzo alipiga mwano. Kwa asiyetufahamu sisi wa huku, mwano ni lile yowe refu la hatari la Wasukuma. Ukilisikia unatupa jembe, unaacha ugali motoni, unakimbilia linakotoka, na huku unakimbia unalipokea na kulipaza ili wa mbali nao wasikie. Siku hizi kila mtu ana simu, ni kweli, lakini simu inaisha chaji. Asiyetokea kwenye mwano lazima ajieleze. Na asubuhi ile kijiji kizima kilitokea isipokuwa mwanamke aliyemlea marehemu tangu uchanga, ambaye nyumba yake iko papo hapo juu ya majaruba. Walipomfuata walimkuta anachambua mchele. Wakamwuliza kama alisikia mwano, akatikisa kichwa kukubali. Wakamwuliza kwa nini basi hakuja, akatikisa kichwa vilevile.

"Tena siku hizi hata salamu haitiki," mama mmoja jirani aliniambia, ameshika kiuno. "Unampita unamwamkia, anaangalia zake ziwani. Ana dharau yule, daktari. Ana mambo yake."

Nilimkuta amekaa chini kando ya ghala la nafaka, miguu ameinyoosha, mikono imefungwa kamba ya katani. Kibibi chembamba, nywele nyeupe pe. Nikapandwa na hasira nikamwamuru mtemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi hao wa jadi, mzee mrefu mwenye koti la baridi hata juani, amfungue kabla sijagusa kitu chochote. Alinitazama kama mtu anayeangalia mtoto mtundu, lakini akamfungua.

Wanawake wakashika vitenge na khanga kuzunguka mahali maiti ilipolazwa, wakatengeneza chumba cha nguo chenye paa la mbingu. Ukoo ukamchagua mjomba wa marehemu aingie ndani awe macho yao. Ndivyo wanavyofanya, na mimi sipingi. Nikamwambia akijisikia kuanguka aangukie nje.

Nilianza kwa kumkagua marehemu nje, kisha nikamfungua. Hakuwa na jeraha popote. Si shingoni, si kichwani, si kifuani. Tumbo la chakula lilikuwa limejaa damu iliyoganda. Bandama ilikuwa imevimba, imeshuka mpaka karibu na nyonga. Ini lilikuwa gumu, na nilipolikata nikaona mistari myeupe imepita ndani yake kama mizizi. Kichocho. Vijidudu vya ziwani vilimwingia kupitia ngozi akiwa mtoto anaogelea, vikakaa naye miaka yote hiyo akilima, akioa, akizika, vikimfunga ini kidogo kidogo bila yeye kujua, mpaka mshipa kooni ukapasuka asubuhi akiwa anatembea. Ziwa lile lile lililonilea na mimi kule Butimba, tulikokuwa tukioga na kuchota maji na kucheka. Mjomba mtu naye hakuanguka. Alisogea karibu, akauliza kwa sauti ndogo kama anaruhusiwa kugusa lile ini, nikampa glavu, akagusa.

Tulipotoka nje nilipaza sauti nikawaeleza watu wote, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma changu cha mjini kinachowachekesha. Safari hii hakuna aliyecheka. Mjomba akaapa kwamba ameona, damu ilitoka ndani, hakuna kisu wala rungu. Nikadhani tumemaliza. Wapi! Kijana mmoja nyuma akauliza, "Sawa, ni ugonjwa. Nani aliyeutuma?" Na umati ukaguna, maana hilo ndilo lilikuwa swali lao tangu mwanzo. Kama bibi hana lake, mbona hakuitikia mwano?

Nilikwenda kunawa mikono kwa hasira. Nikalitupa karai la bati juu ya mawe, likalia kwa kishindo. Kuku wakaruka, afande akashika bunduki, mama jirani akamtaja Yesu. Bibi alikuwa amenipa mgongo, hatua chache tu kutoka kwangu. Hata bega halikushtuka.

Nikasimama. Nikamwita, "Bibi, shikamoo!" Hakugeuka. Nikazunguka nikachutama mbele yake, nikamwambia tena shikamoo bila kutoa sauti, kwa midomo tu.

"Marahaba," akanijibu.

Nilimvuta mtemi pembeni nikamwambia mama huyu hasikii. Akafikiri, kisha akatikisa kichwa. "Karai ni karai, daktari. Mtu mwenye roho ngumu anaweza kujikaza. Lakini kwenye mwano hakuna Msukuma anayejikaza. Mguu unaondoka wenyewe." Kupiga mwano wa uongo ni kosa kubwa kwao. Mtu anatozwa ng'ombe, anatengwa, anakosa wa kumzika. Yeye ndiye anayewahukumu wenye kosa hilo. Akavua koti lake akampa mjomba alishike, akaenda kusimama nyuma ya bibi, akaweka mikono mdomoni.

Sijawahi kusikia sauti ya namna ile ikitoka kwa binadamu mmoja. Na mguu wangu mimi, mwanamke mwenye digrii, ulipiga hatua mbele kabla sijaujua. Afande naye vivyo hivyo. Sauti ikapokewa ng'ambo ya majaruba, ikapokewa kilimani kwenye mawe, ikapokewa chini kabisa kwenye mitumbwi, nchi nzima ikawa inapiga kelele. Na katikati ya kelele hizo bibi alikuwa ameinama, anang'oa vishonanguo kwenye kitenge chake, kimoja kimoja, anaviweka chini. Umati wote ulikuwa unamwangalia yeye. Mama jirani akaweka kiganja mdomoni.

Kilichofuata hatukukifikiria hata mmoja wetu. Watu waliosikia walikuwa wanakuja. Walitokea mbele yake, wakipanda mteremko mbio, wanaume wenye fimbo na mapanga, wanawake nyuma yao. Ndipo bibi alipoinua kichwa. Aliwaona wote wale wanamkimbilia, na hakujua wameitwa na nini, ila alijua wamekuja kumwua. Hakusimama. Alivuta kitenge akafunika miguu vizuri, akakikaza kiunoni kwa mafundo mawili, jinsi mwanamke anavyojifunga asije akafunuka akianguka. Kisha akaweka mikono magotini akawasubiri.

Mungu wangu, nililia pale pale, glavu mkononi.

Mtemi alirukia mbele yake, akatanua mikono, akawafokea wale wakimbiaji wasimame. Walisimama wanahema, wanauliza kuna nini, nani amekufa tena. Mtemi aligeuka, akapiga magoti kwenye vumbi mahali ambapo bibi angeweza kuuona mdomo wake, mzee kwa mzee, akamwamkia. Bibi akamjibu kwa mazoea tu, macho bado kwenye mapanga.

Halafu akanitafuta mimi. Alinishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwake kama anavyogeuzwa mtoto mwenye makamasi. "Wewe umemwona ndani," akasema kwa Kisukuma. "Mwanangu ameuawa na nani?"

Nilikuwa nimetangaza kwa sauti kubwa mbele ya kijiji kizima. Yeye peke yake ndiye hakuambiwa.

"Hakuna mtu, bibi," nikasema taratibu. "Ni ugonjwa. Ugonjwa wa ziwani."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna."

Aliangalia kule kwenye tuta, njia inayotoka nyumbani kwa marehemu kuja kwake. "Kila asubuhi anakuja kusimama mbele yangu ananieleza habari za dunia," akasema. "Leo nilimsubiri. Nikaona anachelewa, nikasema ngoja nichambue mchele, akifika ale." Na hapo ndipo alipolia, kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyejua ni kubwa kiasi gani, na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.