Mpokeaji wa Vipande Sitini na Vitatu

Tarehe 11 Novemba 2013, katika ofisi ya kijiji cha Tanjung Pelawan, Rosihan bin Sarkawi alitia saini fomu ya kupokea vipande sitini na vitatu vya mbao za merikebu. Fomu ina nakala tatu. Katika zote, mahali palipoandikwa "cheo cha mpokeaji" pameachwa wazi.

Hakuwa na cheo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, mguu wa kushoto usiomtii, na mabirika matatu ya saruji yaliyojengwa nyuma ya nyumba yake chini ya paa la mabati.

Kabla ya hapo alikuwa mpiga mbizi wa majongoo bahari, wa aina ile ya wanaoshuka na mpira wa hewa mdomoni huku kompresa ya kujazia matairi ikinguruma juu ya mashua. Mwaka 2010, mita ishirini na sita chini, alishika kitu alichodhani ni jongoo, kumbe ni ukingo wa bakuli la kaure. Alilipeleka bakuli kwa mkuu wa kijiji kwa sababu aliogopa: binamu yake alikuwa jela kwa kuuza mabakuli kama hayo. Magazeti yaliandika kwamba alisukumwa na uzalendo. Hakuyasahihisha.

Wachimbaji wa mambo ya kale walikuja kuichimbua merikebu iliyozama mahali pale mwaka 2012 wakiongozwa na Daktari Wulansari, mwanamke mfupi kutoka Jawa aliyevuta sigara za karafuu kabla ya kuvaa miwani ya kuzamia. Waliajiri wapiga mbizi sita wa kijiji. Walitandaza chini ya bahari miraba ya mabomba meupe ya plastiki, kila mraba na namba yake, na wakaleta mpira mnene wa kunyonya mchanga. Siku ya kwanza wanakijiji walichimba kama walivyozoea kuchimba, kwa mikono miwili, na maji yakawa kama uji. Daktari akawapandisha wote.

"Jamani, hapa hatufukui viazi," aliwaambia. "Mnapepea. Kiganja kinapepea, mchanga unaondoka wenyewe, mpira unaunyonya. Mkigusa kitu, mkono nyuma."

Waliojua kupepea kweli walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa Rosihan. Ndiyo maana alipewa mraba wa katikati, penye mbao, na ndiye aliyeona kamba. Zilikuwa nyeusi, nene kama kidole gumba, zimepitishwa kwenye matundu ya ubao mmoja hadi mwingine, bado zimekaza. Merikebu ile haikuwa na msumari hata mmoja. Daktari alipoitwa kuziangalia alipiga kelele na mpira mdomoni, mapovu yakamfunika uso.

Jioni, mashuani, alimweleza.

"Kila mtu atakuambia ni merikebu ya Wachina, kwa sababu ya mabakuli. Mabakuli ni mzigo tu, Kaka Rosihan. Meli yenyewe ni ya kwenu. Wanaofunga mbao namna hii ni watu wa visiwa hivi, miaka elfu moja iliyopita. Ushahidi wenyewe ni hizo kamba."

"Hizi si nyuzi za mtende wa sukari?" Rosihan aliuliza. "Mke wangu anafagilia uani."

"Hizo hizo."

Rosihan alicheka. Babake alikuwa mchimba bati, na babu yake vilevile, migodini mwa watu wengine. Hakuwahi kuambiwa kwamba watu wa kwao waliwahi kuunda kitu cha kuvuka bahari.

Tarehe 3 Juni 2013, Rosihan akiwa tayari ameshuka mara tatu siku hiyo, kipande namba 17 kilichomoka kwenye mkanda wakati kinapandishwa. Kilikuwa na kamba nyingi kuliko vyote. Rosihan aliruka na mpira wake, akakifuata hadi chini, akakikumbatia, akapanda nacho bila kusimama njiani, jambo linalopoozesha wapiga mbizi. Jioni hiyo hakuisikia miguu. Wenzake walimfukia mchangani hadi kifuani, kwenye mchanga wa moto, kama kijiji kinavyowatibu wapiga mbizi wake. Mguu wa kulia ulirudi. Ripoti ya uchimbaji, ukurasa wa 88, inasema: "Mpiga mbizi mmoja wa kienyeji alipata tatizo la kiafya. Kazi iliendelea baada ya siku mbili." Jina lake halimo.

Uchimbaji ulipofungwa, mabakuli yalipanda ndege kwenda makao makuu ya mambo ya kale. Mbao hakuna aliyezitaka. Daktari Wulansari alijenga mabirika, akamwachia Rosihan karatasi yenye mistari minne kwa mwandiko wake: zisikauke hata siku moja, maji yabadilishwe kila wiki, zisisuguliwe, zisipigwe na jua. Alimweleza na sababu. Mbao hizo ndani ni maji matupu; kilichobaki cha mti ni ganda tu, na maji yakitoka, zinajikunja na kupasuka.

Karatasi hiyo hakuibandika ukutani. Aliikunja akaiweka kwenye kopo la biskuti, chini ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Miaka sita alivuta maji ya kisima kwa pampu, akawafuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, akaamka alfajiri kupima kina kwa fimbo. Hakumruhusu mtu avuke uzio, hata mkewe Hasnawati. Hakuna aliyejua kazi ile ila yeye, na hivyo ndivyo alivyotaka. Mtu aliyepoteza mguu hukishikilia kwa nguvu kile alichoupotezea.

Jirani yake Tamrin, mkulima wa pilipili manga, alikuwa akiegemea uzio kila jioni.

"We Rosihan, unazilowesha hizo mpaka zizae?"

"Kama wewe unavyolowesha pilipili yako. Zikiiva utaona."

"Pilipili yangu wiki mbili tu, ndugu yangu. Nazivua maganda, naanika, nauza. Zako mwaka wa ngapi huu?"

"Zangu ganda gumu."

"Na harufu yake sasa! Angalau mimi mwishoni napata kitu cha kutia kwenye mchuzi."

Wakacheka wote wawili. Jibu hilo Rosihan alilipenda, akawa analitoa kwa kila aliyeuliza: kwa mkuu wa kijiji, kwa shemeji zake, kwa imamu. Kama pilipili. Kijiji kizima kilikuwa kikilowesha pilipili, na kila mtu alielewa, au alidhani ameelewa.

Julai mwaka huu, 2019, Daktari Wulansari alipiga simu. Alikuwa amepata maabara mjini inayokubali kuzihifadhi mbao, kuzinywesha dawa ya nta kwa miaka mitano hadi ziweze kusimama hewani. Baada ya hapo zingerudi kisiwani, na safari hii zingeonyeshwa zenyewe, si mabakuli. Ila aliyesaini kupokea ndiye lazima aende ofisi ya mambo ya kale, ng'ambo, akasaini kukabidhi.

"Na kamba, Kaka Rosihan? Maana bila kamba hawazitaki. Mbao za zamani wanazo tele."

"Kamba zipo kama ulivyoziacha, Mama Daktari."

"Wewe ni mtu. Nenda basi."

Aliondoka Ijumaa tarehe 12 kwa feri, baada ya kujaza mabirika hadi ukingoni na kuiacha pampu ikizungusha maji. Kwa Hasnawati aliacha neno moja: "Usiguse." Ofisini alikaa benchi siku mbili. Karani kijana alimtazama fimbo, kisha ndala.

"Mzee, wewe ni nani hasa katika suala hili?"

"Ndimi niliyesaini."

Karani akafungua faili, akaona, akanyanyuka kumletea kiti chenye mgongo. Jumanne mchana Rosihan alitoka na barua yenye mhuri. Lori lenye tangi lingefika Jumatatu tarehe 22. Mbao zikabidhiwe "zikiwa ndani ya maji, na kamba zikiwa mahali pake". Kwenye feri aliisoma barua mara nyingi hata mikunjo yake ikaanza kuchanika.

Alifika nyumbani Jumatano saa nane mchana. Kitu cha kwanza alichosikia ni kimya cha pampu. Cha pili ni sauti ya Tamrin.

"Huyo! Amekuja! Mpisheni mwenye mali!"

Uani palikuwa na maturubai ya bluu, yale ya kuanikia pilipili, yametandikwa kuanzia mlango wa jiko hadi barabarani. Juu yake zilikuwa zimelala mbao zote, safu kwa safu, juani. Watu saba walikuwa wamekaa kivulini na glasi za kahawa. Walikuwa safi, wamechana nywele, wanamngoja.

"Jumapili tulifanya msaragambo," Tamrin alisema. "Watu wanane, asubuhi hadi adhuhuri. Tumemwaga yale maji machafu, tumesugua kila ubao kwa makumbi ya nazi. Shika! Shika uone ulivyo laini. Na lile limanyoya jeusi lililooza kwenye matundu tumelichomoa lote. Lilikuwa gumu hilo, mama yangu! Kidole hiki kimetoka kucha."

Alikionyesha kidole. Kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Limanyoya mmeliweka wapi?"

"Tumelichoma na majani. Ulitaka ufagio?"

Watu wakacheka. Rosihan alitembea kati ya safu akihesabu kwa fimbo. Zilikuwa sitini na tatu. Zilikuwa zimegeuka rangi ya majivu, na nyingine zimepinda kama magamba ya samaki aliyekaangwa. Kipande namba 17 kilikuwa kimepasuka kutoka kichwa hadi mkia, kidole kingeingia. Alipiga goti la kulia, mguu wa kushoto ukiwa umenyooka pembeni, akachungulia tundu moja baada ya jingine. Yalikuwa yamesafishwa vizuri sana.

"Amefurahi hadi hana la kusema," mtu mmoja alinong'ona.

"Asanteni," Rosihan alisema. "Mmechoka. Asanteni."

Hasnawati alikuwa amepika supu ya samaki ya manjano, yenye nanasi, ya watu wote. Rosihan alikula nao. Tamrin alimpakulia kichwa cha samaki, na Rosihan akakimaliza, maana kukirudisha kungekuwa tusi.

Walipoondoka, alimuuliza mkewe, bila kupandisha sauti.

"Nani aliwaambia zimeiva?"

"Tamrin alisema umekwenda mjini kutafuta mnunuzi. Basi tukasema mnunuzi asizikute majini." Alianza kuona kitu usoni mwake. "Baba Rahma, nini? Watu wakikuuliza miaka yote hiyo, wewe si ndiye unayesema ni kama pilipili? Pilipili ikitoka majini si inaanikwa?"

"Nilikuambia usiguse."

"Nilidhani unaniambia mimi kwa sababu mimi huniamini. Nikawaita wanaume." Akakaa chini. "Unaamka kila alfajiri na mguu huo. Nilitaka ukirudi ukute imekwisha, ulale."

Alikwenda kwenye kopo la biskuti, akatoa karatasi, akampa. Hasnawati aliisoma mistari yote minne, kisha akairudia, kidole kikifuata maneno.

"Hii imekaa humu tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Kwa nini hukuibandika?"

Rosihan alichukua ndoo, akaenda kisimani kuwasha pampu. Alijua kuzirudisha mbao majini hakungebadilisha kitu. Alizirudisha hata hivyo, na Hasnawati akashika upande wa pili, kwa mara ya kwanza ndani ya uzio. Ilipofika zamu ya namba 17, iliwaachia mikononi vipande viwili. Hasnawati aliifunga pamoja kwa kitenge chake ili hesabu isiharibike.

Alhamisi alimpigia Daktari Wulansari. Alimweleza yote kwa mpangilio, pamoja na jibu lake la pilipili na karatasi ya kwenye kopo. Upande wa pili palisikika kiberiti kikiwashwa.

"Kamba zote?" Daktari aliuliza.

"Zote."

"Hata uzi?"

"Nimechekecha majivu, Mama Daktari. Hakuna."

"Lori limeshapangwa," Daktari alisema. "Litakuja. Watazipokea, wataziweka stoo. Maabarani haziingii."

Tamrin bado hajaambiwa. Jana aliegemea uzio, akayaona mabirika yamejaa tena, akatikisa kichwa.

"Umezilowesha tena? Wewe mtu wewe! Mnunuzi amekataa?"

"Anazitaka mbichi," Rosihan alimjibu.

Lori litafika Jumatatu saa tatu asubuhi. Rosihan atasaini kukabidhi vipande sitini na vitatu, kama alivyopokea. Fomu haina mstari wa kamba. Tamrin na wenzake saba wameahidi kuja kusaidia kupakia.